Vitabu vya Rejea kwa Wajenzi wa Modeli za Vifaru: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mjenzi wa modeli za plastiki za vifaru vya kivita huanza kutafuta vitabu siku anapotambua kwamba karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya kisanduku haimwambii kila anachohitaji kujua. Wengi hununua vibaya mwanzoni. Huchukua kitabu kikubwa chenye jalada gumu kinachoahidi vifaru vyote vya vita fulani, hukiweka mezani kando ya gundi na kisu, kisha huona kwamba kifaru wanachokijenga kimepewa picha moja na aya mbili. Mwongozo huu unapanga aina za vitabu kwa kadiri zinavyofaa pale mezani, kuanzia kile ambacho ningekinunua kwanza hadi kile ambacho ningekiacha rafuni, na kigezo changu ni kimoja: je, kitabu kinanisaidia kuamua ni sehemu ipi, kati ya mbili zilizomo kisandukuni, ninayopaswa kuibandika?

Kigezo hiki kinatokana na jinsi vifaru vilivyotengenezwa. Tiger I ya Ujerumani, ambayo utengenezaji wake ulikoma Agosti 1944 baada ya takribani miaka miwili, ilibadilishwa mara nyingi bila jina lake kubadilika. Kuba dogo la kamanda lililo juu ya mnara, ambalo mwanzoni lilikuwa na umbo la pipa lenye nyufa za kuchungulia, liliondolewa katikati ya 1943 na mahali pake pakawekwa jingine la chuma cha kusubu lenye periskopu. Baadaye mwaka huohuo viwanda vilianza kupaka zimmerit, ile lipu yenye mikunjo iliyokusudiwa kuzuia mabomu ya sumaku yasinate, na mwanzoni mwa 1944 magurudumu yaliyovikwa mpira kwa nje yalitoa nafasi kwa magurudumu yenye ukingo wa chuma. Mimi mwenyewe niliwahi kubandika magurudumu ya chuma kwenye Tiger yenye kuba la pipa, vitu viwili ambavyo havikukutana kiwandani, kwa sababu tu vyote vilikuwemo kisandukuni na sura yake ilinipendeza.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa monografia ya kifaru kimoja, na ikiwezekana ya toleo moja la kifaru hicho, inayofuatilia mabadiliko ya kiwandani mwezi baada ya mwezi na kuyathibitisha kwa picha za wakati wa vita. Kitabu cha aina hii huwa ghali, na maandishi yake aghalabu ni makavu, lakini ndicho pekee kinachomwezesha mjenzi kusema kwa uhakika kwamba modeli yake ni ya majira ya baridi ya 1943 na si ya kiangazi kilichofuata. Kwa anayejenga Sherman ya Marekani, umuhimu wake ni mkubwa zaidi, kwani zaidi ya vifaru 49,000 vya ukoo huo vilitengenezwa katika viwanda kadhaa, na herufi na tarakimu za majina yao si mapambo. M4A1 ilikuwa na bodi ya juu ya kusubu, yenye mabega ya mviringo, ilhali M4A3 ilikuwa na bodi ya mabamba yaliyochomelewa na injini ya Ford. M4A4 ilirefushwa ili ipokee injini ya Chrysler iliyounganishwa kutokana na injini tano za magari, zenye silinda 30 kwa jumla, na urefu huo unaonekana katika nafasi pana zaidi kati ya seti za magurudumu. Mjenzi asiyelijua hilo hutazama picha ya M4A4 na kuirekebisha M4A1 yake iliyokuwa sahihi tangu awali. T-34 ya Usovieti nayo ina mtego wake: kiwanda cha Stalingrad, kilipopungukiwa na mpira, kilifunga magurudumu yenye ukingo wa chuma, hivyo kujua mwaka bila kujua kiwanda hakutoshi.

Ubora wa monografia hupimwa kwa kusoma maelezo ya picha kabla ya kusoma sura ya kwanza. Maelezo yanayosema kwamba kifaru kinapita kijijini mwaka 1944 hayana thamani, maana hata asiyejua chochote anaona kijiji. Mwandishi anayejua kazi yake hutaja toleo, hukadiria mwezi wa kutengenezwa, kisha huonyesha alama iliyompa kadirio hilo, kwa mfano kulabu iliyohamishwa au taa moja iliyobaki badala ya mbili. Tazama vilevile uchapaji wenyewe. Ikiwa huwezi kuhesabu bolti za gurudumu katika picha iliyochukua ukurasa mzima, basi picha hiyo imekuzwa kupita uwezo wake, au karatasi ni duni, na katika hali zote mbili fedha yako inalipia wino.

Nafasi ya pili ni ya vitabu vya picha za karibu za vifaru vilivyobaki, ambamo mpiga picha huzunguka kifaru chote, hupanda juu yake na kuingia ndani. Hakuna kinachovishinda katika kuonyesha jinsi mshono wa kuchomelea ulivyotuna, jinsi kebo ya kukokotea ilivyofungwa, au rangi ya ndani ya chumba cha askari. Hata hivyo, kifaru cha makumbusho ni shahidi wa kuhojiwa. Tiger 131 iliyoko Bovington, Uingereza, huenda ndiyo Tiger iliyopigwa picha kuliko nyingine zote, lakini ilitekwa Tunisia mwaka 1943, kwa hiyo ina kuba la pipa na magurudumu yenye mpira, na haina zimmerit. Anayejenga Tiger ya mapigano ya Normandy ya 1944 kwa kuifuata atakosea karibu kila mahali. Atafaidika zaidi na picha za ile iliyoachwa karibu na Vimoutiers, Ufaransa, Agosti 1944, ingawa imekaa nje kwa miongo mingi na vipande vyake vingi havipo. Vifaru vya makumbusho pia hupakwa rangi upya, hupewa vipuri vya ndugu zao na kuwekewa vifaa vya zana visivyo vyake, na kitabu kizuri hukiri jambo hilo pichani badala ya kulinyamazia.

Michoro ya vipimo naiweka ya tatu, nikijua kwamba wapo wajenzi watakaonishangaa. Mchoro una mvuto kwa sababu una mistari safi na unaonekana hauna shaka, lakini mchoraji naye alitegemea picha na vipimo vya mtu mwingine, na mahali alipokosa ushahidi mstari wake haukupungua unene. Kabla ya kuuamini, chukua rula. T-34 ilikuwa na upana wa mita 3, kwa hiyo katika skeli ya 1/35, yaani sehemu moja ya 35 ya ukubwa halisi, mchoro wake unapaswa kuwa na upana wa takribani milimita 86. Upana ukilingana lakini urefu ukakataa, ama mchoro una kosa ama karatasi ilivutika wakati wa kuchapwa, na vyovyote vile haufai kukatia plastiki. Michoro ya skeli nyingine isikukatishe tamaa, kwani fotokopi hutatua tatizo hilo: mchoro wa 1/48 hukuzwa hadi asilimia 137 ili ufike 1/35, na wa 1/72 hadi asilimia 206. Katika fungu hili lugha ya kitabu haina uzito mkubwa, na mnunuzi asiogope chapisho la Kipolandi au la Kijapani ikiwa mistari yake imepimwa vizuri.

Nakala za vitabu vya jeshi vya wakati ule hufuata, kwa masharti. Vile vya Marekani ndivyo vinavyofaa zaidi, kwa kuwa vilikusudiwa mafundi na vinaonyesha injini, springi, viti na masanduku ya zana kwa picha na michoro mingi. Tena, kazi za serikali ya shirikisho la Marekani hazina hakimiliki nchini humo, hivyo skani zake nyingi hupatikana bila malipo na hakuna haja ya kununua chapa mpya isipokuwa unataka karatasi mkononi. Kitabu cha Kijerumani kilichotolewa mwaka 1943 kwa askari wa Tiger, kilichojaa katuni na beti za mashairi, ni burudani tupu, ila mjenzi wa modeli atapata humo kidogo sana cha kubandika.

Vijitabu vyembamba vya utangulizi, vya kurasa 48 au zinazokaribia hapo, vinafaa kwa anayeanza na kwa anayetaka kujua kama kifaru fulani kinamvutia kabla ya kutoa fedha kubwa. Ensaiklopidia na historia za kampeni ni vitabu vya kusomwa kitini.

Mwisho kabisa naviweka vitabu vya michoro ya rangi inayoonyesha kifaru kwa ubavu, ambavyo kwa bahati mbaya ndivyo vyenye majalada ya kuvutia zaidi. Michoro mingi ya aina hiyo hutokana na picha za rangi nyeusi na nyeupe, na picha hizo hudanganya: filamu za zamani ambazo hazikuhisi rangi nyekundu ziliionyesha kama nyeusi, huku buluu ikififia karibu na weupe. Aidha, picha ikionyesha mbele ya kifaru peke yake, mchoraji hulazimika kubuni namba na mabaka ya ubavuni, na msomaji hana njia ya kuutenga ubunifu huo na ukweli. Nunua kitabu cha namna hii ikiwa tu kila mchoro umewekwa pamoja na picha iliyouzaa. Hapo utaweza kukagua mwenyewe, kwa mfano, kama kifaru cha Kijerumani kilichopakwa rangi ya manjano iliyokoza kimetajwa kuwa cha 1942, wakati rangi hiyo ilianza kuwa ya msingi Februari 1943.

Kabla ya kulipia kitabu chochote cha picha, inafaa kupitia kwanza hazina zilizo wazi kwenye intaneti. Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, ilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons mwaka 2008, na vifaru vimo kwa wingi. Baadhi ya vitabu vya bei kubwa vimejaa picha hizohizo zikiwa zimekatwa kingo, na kingo ndipo mara nyingi linapoonekana gurudumu la mwisho.