Vaseline ya kopo na baridi ya Njombe, nimeitumia miezi mitatu

Nilihamia Njombe kikazi mwezi wa tano nikitokea Dar, na mnaoijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba mnaelewa naongelea nini, yaani unaoga asubuhi maji ya moto, ukifika ofisini mikono imepauka kama umetoka kukanda unga, midomo inakatika, na visigino vyangu vilipata magaga hadi soksi zinanasa. Na muda wa kujipaka vitu vitano sina, natoka nyumbani saa moja kasoro narudi giza limeingia.

Kwanza nilikosea. Kuna kiduka waliniuzia krimu, kopo halina hata orodha ya viambato, nikaambiwa inalainisha na kung'arisha. Siku ya nne mashavu yakawa yanawaka moto, nikaitupa. Jamani krimu za kung'arisha zisizo na maelezo msizizoee, nyingi zinakutwaga na haidrokwinoni (kemikali ya kuchubua ngozi), zebaki au steroidi, na steroidi ukipaka ovyo inakondesha ngozi, zebaki inaharibu figo kabisa. Iliniuma sana maana nilijua haya mambo na bado nikapaka.

Aliyeniokoa ni dada jirani yangu, ni muuguzi. Akaniambia, "Mdogo wangu, chukua Vaseline ya kopo, ile ya kawaida, ila upake mwili ukiwa bado na majimaji." Hapo kwenye majimaji ndo penye siri yote. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi, kazi yake ni kufunika yale maji yaliyopo yasitoke, sasa ukipaka kwenye ngozi iliyokauka unakuwa umefunika ukavu tu halafu unasema mafuta hayafanyi kazi. Mimi sasa hivi naoga maji ya uvuguvugu, sikai sana bafuni, najikausha kwa kubonyezabonyeza taulo, napaka hapohapo kabla sijavaa. Kidogo tu, unayeyusha kwanza viganjani. Dakika mbili nimemaliza.

Visigino ni kazi ya usiku: naloweka miguu kwenye beseni kama dakika 10, nasugua taratibu na jiwe, napaka nene, navaa soksi za pamba nalala. Wiki ya tatu magaga yalikuwa yamefunga, na sikununua kitu kingine chochote.

Kuna wanaoogopa kwa sababu inatokana na mafuta ghafi, yaleyale yanayotoa petroli. Ni kweli inatoka huko, Mmarekani Robert Chesebrough aliwakuta wafanyakazi wa visima vya mafuta kule Pennsylvania wanajipaka ile nta inayoganda kwenye mitambo wakijikata au kuungua, akaichukua akaisafisha, mwaka 1872 akapata hataza yake, yaani haki rasmi ya uvumbuzi. Ile ya kujipaka imesafishwa sana, sio sawa na grisi ya gereji. Nunua duka la dawa au dukani unapopaamini, na usome kopo.

Sasa mapungufu ya mafuta ya mgando yoyote yale. Yanateleza na kunata, vumbi linaganda, shuka zinachafuka. Dar kwenye joto mwili mzima siwezi kupaka, huko ni midomo na visigino basi. Hayazuii jua hata kidogo. Mwenye chunusi usoni asijaze. Umeungua, anza na maji ya bomba ya kawaida dakika 20, usikimbilie kupaka mafuta. Na hili watu wanaona aibu kulisema, usitumie na kondomu za mpira, mafuta haya yanazidhoofisha zinapasuka.

Lakini kilichonifanya niandike ni mzee wangu. Ana kisukari, na miguu yake ilikuwa inakauka inapasuka, na kwa mtu wa kisukari mpasuko mdogo kwenye kisigino unaweza kugeuka kidonda kisichopona, na anaweza asihisi hata maumivu. Kliniki walishamwambia akague nyayo kila siku na apake mafuta, ila asipake katikati ya vidole maana unyevu ukikaa pale fangasi wanaota. Alikuwa hapaki, anasema mafuta ni mambo ya wanawake. Nikaenda likizo na kopo langu, nikamwosha miguu, nikamkausha vizuri kati ya vidole, nikampaka nyayo mwenyewe. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwanangu, lile kopo umeliweka wapi?" Sasa nanunua makopo mawili kila nikienda dukani, lake namtumia kwa basi.