sha256sum: programu ndogo ninayoikabidhi kumbukumbu zangu

Natunza rekodi za sauti za wazee wetu pamoja na picha za familia, na kila ninapozihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine nataka jibu la swali moja: kilichofika ndicho kilichoondoka? Ukubwa wa faili hauwezi kunijibu. Baiti moja ikigeuka katikati ya rekodi, ukubwa ni uleule, jina ni lilelile, na hutajua mpaka siku utakayotaka kuisikiliza.

sha256sum imo ndani ya GNU coreutils, mkusanyiko wa programu za msingi za Linux, kwa hiyo kompyuta nyingi za Linux zinayo tayari. Unaitajia jina la faili kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), inaisoma yote, kisha inakupa cheksamu, yaani alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ya herufi na tarakimu 64. Ikigeuka biti moja tu, cheksamu inakuwa nyingine kabisa. Ukibadilisha jina la faili, haibadiliki, maana kinachopimwa ni yaliyomo.

Ila kulinganisha tarakimu 64 kwa macho kunachosha, na jicho huridhika mapema likiona za mwanzo na za mwisho zinafanana. Ndiyo maana ninachokipenda zaidi ni chaguo la `-c`, linalokulinganishia faili na orodha ya cheksamu. Kabla ya kuhamisha, naingia kwenye folda na kuandika:

`find . -type f -exec sha256sum {} + > ../orodha.txt`

Nanakili folda pamoja na orodha yake, kisha nikiwa ndani ya folda mpya naandika `sha256sum -c --quiet ../orodha.txt`. Ikinyamaza, kila kilichoorodheshwa kimefika salama. Kilichoharibika kinatajwa kwa jina, na neno FAILED mbele yake. Jambo moja ambalo maelekezo mengi huliruka: chomoa diski kwa utaratibu na uichomeke upya kabla ya kukagua. Usipofanya hivyo, kompyuta inaweza kusoma nakala iliyobaki kwenye RAM, na diski yenyewe ikawa haijaguswa.

Kasoro yake kubwa kwangu ni kwamba hukagua zilizoorodheshwa tu. Faili ngeni ikiingia kwenye folda, haisemi kitu. Kwa hiyo folda ikiwa muhimu sana natengeneza orodha upande wa pili pia, nazipanga zote mbili kwa `sort`, halafu nazilinganisha kwa `diff`. Wala haikuonyeshi tofauti iko wapi ndani ya faili; hiyo ni kazi ya `cmp`, ambayo hutaja baiti ya kwanza inayotofautiana.

Kwa faili za kupakua, muwe waangalifu zaidi. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kuwaelekeza watu kwenye ISO (faili ya kusakinishia mfumo) iliyochezewa. Mwenye uwezo wa kubadilisha kiungo cha faili anaweza kubadilisha na cheksamu iliyoandikwa kando yake. Debian na Ubuntu, nayo ni matoleo ya Linux, huweka saini ya GPG (saini ya kidijitali inayothibitisha aliyeitoa) kwenye orodha zao za cheksamu. Ikagueni saini hiyo kwanza, ndipo mkague faili.

Bado naona watu wakitoa MD5, aina ya zamani ya cheksamu, peke yake. Kwa diski inayozeeka au nakala iliyokatika njiani, MD5 inatosha. Kwa faili iliyotoka kwa usiyemjua haitoshi, kwani tangu 2004 watafiti wameonyesha jinsi ya kupata data mbili tofauti zenye MD5 moja. Mwaka 2017 Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walitoa PDF mbili tofauti zenye SHA-1 moja, nayo ni aina nyingine ya zamani. SHA-256, inayotumiwa na sha256sum, haijavunjwa hivyo.

Kwenye macOS ipo `shasum -a 256`, nayo inakubali `-c`. Wa Windows wana `certutil -hashfile` (malizia na SHA256 baada ya jina la faili) na `Get-FileHash`. Majibu yao ni sahihi, lakini hazikagui orodha nzima kwa amri moja. Mwenye folda kubwa huko aweke Git Bash, terminali yenye amri za aina ya Linux; sha256sum imo humo.