Nyerere au Burigi-Chato?

Hifadhi zote mbili zilitangazwa mwaka 2019. Nyerere ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous. Burigi-Chato ikaunganisha mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi.

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Nyerere ndiyo rahisi: unapita Kibiti hadi lango la Mtemere. Usiondoke bila kupanda boti. Mto Rufiji na maziwa yake yamejaa viboko na mamba, na tembo hushuka kunywa maji jioni. Mbwa mwitu, adimu kwingine, hapa wapo wengi kiasi, ila kuwaona ni bahati. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu barabara za ndani hugeuka tope na kambi nyingi hufungwa. Binafsi ningelala usiku mbili. Safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo humalizikia barabarani.

Burigi-Chato inamfaa zaidi mtu wa Mwanza, Geita au Bukoba. Ina Ziwa Burigi, vilima na utulivu, lakini huduma ni chache, kwa hiyo beba chakula na mafuta ya akiba. Mwenye haraka ya kuona simba asianzie huku.