Tangi la lita 5,000 na mipira ya matone: tathmini yangu baada ya viangazi vitatu Isingiro

Nimetumia tangi jeusi la plastiki la lita 5,000 pamoja na seti ya umwagiliaji wa matone, yaani mipira yenye vitundu inayodondosha maji kidogo kidogo kwenye mizizi, kwa viangazi vitatu mfululizo. Ninaandika tathmini hii kwa sababu majirani wanaopita nyumbani huniuliza bei ya tangi peke yake, ilhali katika boma langu tangi ndilo lililonisumbua kidogo kuliko vyote. Vifaa hivi ninavipendekeza, na leo ningevinunua tena, lakini kwa mpangilio mwingine: mifereji ya paa kwanza, tangi baadaye, na mipira ya matone mwisho, baada ya kujua maji ya bustani yatatoka wapi.

Tunaishi wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, si mbali na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mahali ambapo Kiswahili cha wenzetu waliotoka Kongo na Burundi kimekuwa lugha ya kisimani na sokoni. Tunazo mvua za misimu miwili, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Desemba, na kati ya misimu hiyo hukaa kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambacho ndicho kinachotuumiza. Waliokuwepo mwaka 2016 wanakumbuka mvua zilivyokatika, migomba ikalala chini na watu wakauza ng'ombe kwa bei ya kutupa. Tangu wakati huo nilikusudia kuwa na maji yangu mwenyewe, ingawa ilinichukua miaka kadhaa kupata fedha.

Vifaa nilivinunua katika duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Mbarara. Tangi liligharimu shilingi milioni 1 na laki 7, seti ya matone laki 2 na elfu 60, na mifereji ya paa pamoja na ufundi wake laki 1 na elfu 80. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu na hakunificha bei. Hata hivyo, alipokuwa akinishawishi nichukue tangi kubwa zaidi, alisema, "Mama, chukua la lita elfu kumi, maji hayaozi," na katika mazungumzo yetu yote hakuniuliza paa langu lina ukubwa gani. Hilo ndilo swali ambalo muuzaji wa matangi angepaswa kuanza nalo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Nyumba yangu ina paa la mita 9 kwa 7, yaani mita 63 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 huniletea lita 630 kwa hesabu ya daftarini, na karibu lita 500 kwa hesabu ya kweli, kwa kuwa sehemu hurukia nje, sehemu hukauka juu ya bati lenye joto, na sehemu hutumika kulisafisha paa. Mwenye kibanda cha mabati manane akiuziwa tangi la lita 10,000 atakuwa amenunua kivuli cha kuku.

Nilikuja kuielewa hesabu hiyo baada ya kupata hasara. Fundi niliyeelekezwa na duka alifunga mfereji upande mmoja tu wa paa, akaufunga ukiwa umelala sawasawa bila mteremko, na akauweka mbali kidogo na ncha ya bati. Msimu wa kwanza mvua ilinyesha vizuri, nami nikasubiri tangi lijae, lakini Krismasi ilifika likiwa halijavuka nusu. Siku moja nilisimama uani mvua ikinyesha na kuangalia kwa macho yangu: maji ya upande wa nyuma yalimwagika yote chini, na yale ya upande wa mbele yalituama katikati ya mfereji yakawa yanafurika, huku mvua kubwa ikiuruka mfereji kabisa na kuangukia maua. Niliona uchungu sana, kwa sababu kila jerikeni iliyopotea pale ilikuwa ni safari ya mtoto kwenda kisimani mwezi wa Julai.

Nilimwita fundi mwingine, kijana wa Nakivale aliyejifunza kazi hiyo kwao Kivu. Alitumia kamba na mpira mwembamba uliojazwa maji kupima usawa, akaupa mfereji mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, akausogeza mpaka ukakaa chini ya ncha ya bati, kisha akafunga mfereji wa pili upande wa nyuma. Marekebisho hayo yalinigharimu laki 2 na elfu 40. Msimu uliofuata tangi lilijaa kabla ya katikati ya Mei, nami nilikuwa nimekwisha kuyatumia maji yake kwa wiki nyingi. Ninaweza kusema kwa hakika kwamba hakuna shilingi niliyoitoa katika mradi huu iliyonirudishia maji mengi kuliko zile za mifereji.

Kuhusu tangi lenyewe sina malalamiko makubwa. Rangi nyeusi huzuia mwanga, na pasipo mwanga ukijani hauoti ndani, jambo ambalo nimelithibitisha kila ninapofungua kifuniko. Kifuniko, hata hivyo, kilikuja na ufa mwembamba ukingoni, na ufa wa namna hiyo ni mlango wa mbu. Duka lilikubali kunibadilishia, lakini nilirudi Mbarara mara tatu kabla ya kukipata, na nauli ya safari hizo ilikaribia bei ya kifuniko. Anayenunua na akikague kifuniko, koki na mdomo wa kutolea maji yaliyozidi palepale dukani, kabla gari la mizigo halijaondoka.

Msingi unahitaji uangalifu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Tangi la lita 5,000 likijaa hubeba tani 5 za maji, na udongo ukititia upande mmoja plastiki huvutika na kupasuka karibu na koki. Sisi tulijenga msingi wa matofali na saruji, mpana kuliko tako la tangi, na hadi leo haujatikisika. Kosa letu lilikuwa kimo. Tuliujenga chini mno, jerikeni ya lita 20 ikawa haiingii chini ya koki ikiwa imesimama, na tukalazimika kuchimba shimo dogo mbele yake na kulisakafia. Mwenye kujenga sasa aiweke jerikeni yake pale kwanza, aipime, ndipo aanze kupanga matofali.

Jambo jingine ambalo duka halikulitaja ni maji ya kwanza ya mvua. Baada ya miezi ya kiangazi paa huwa limejaa vumbi, majani na kinyesi cha ndege, na mvua ya kwanza huyapeleka yote tangini. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita 1 hubeba takriban lita 8, nami nilitaka kutenga angalau lita 30 za mwanzo, ambazo zingehitaji bomba refu kuliko nyumba yangu inavyoruhusu. Fundi wa pili alichepusha bomba la kushukia kwa kiungio cha njia tatu, na chini ya tawi moja akaweka jerikeni mbili zilizounganishwa. Zikijaa, maji hupanda na kuingia tangini. Baada ya kila mvua tunazimwaga kwenye migomba. Hata hivyo, maji ya kunywa bado tunayachemsha, na kuni zikipungua tunatumia vidonge vya klorini, kwa sababu maji kuonekana maangavu hakumaanishi kwamba ni salama.

Sasa nije kwenye mipira ya matone, kwa kuwa ndiyo inayouliziwa sana na vijana wanaotaka kulima nyanya wakati wa kiangazi, bei inapopanda. Seti yangu ina mistari 2 ya mita 15, na kila mstari una vitundu 50 vilivyoachana kwa sentimita 30. Maji hutoka kwenye pipa la lita 200 lililoinuliwa mita 1 kutoka ardhini, bila pampu na bila umeme. Nimepanda miche 50 ya nyanya, kila mche ukipata vitundu 2. Zamani, kwa kumwagilia na kopo, bustani hiyo ilikunywa jerikeni 6 au 7 kwa siku, na nusu yake ililowesha njia na magugu. Sasa natumia jerikeni 3, yaani lita 60, ambazo humpa kila mche zaidi kidogo ya lita 1, tena kwenye mizizi. Magugu yamepungua, na majani hayalowi, jambo linalosaidia kupunguza ukungu. Nikitandaza nyasi kavu juu ya mipira, udongo hubaki na unyevu hadi kesho yake alasiri.

Kwa upande wa matone, basi, kazi inafanyika kama ilivyoahidiwa. Tatizo liko kwenye chujio. Chujio kilichouzwa pamoja na seti kina matundu makubwa mno kwa maji ya huku. Maji ya bustani siyatoi tangini. Mume wangu huyaleta kwa baiskeli kutoka bwawa la mifugo, na yana tope jembamba. Katika wiki tatu za kwanza karibu robo ya vitundu viliziba, na nyanya za mwisho wa mistari zikaanza kujikunja. Tulichofanya ni kuyaacha maji yatulie usiku kucha kwenye pipa la pili, kuyahamisha taratibu bila kulitikisa tope, kuyapitisha kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili, na kufungua ncha za mipira kila Jumamosi ili uchafu utoke. Tangu hapo vitundu vichache tu vimeziba. Panya nao huitoboa mipira mwezi wa Agosti wakitafuta maji, kwa hiyo ni vyema kununua viungio vya akiba siku ileile. Seti haikuja na hata kimoja.

Watu wengine hutaka kupitisha maji ya kuogea na kufulia kwenye mipira hiyo. Nimejaribu, na siwashauri. Mafuta ya sabuni hunata ndani na kuziba vitundu haraka kuliko tope. Maji hayo sisi huyapeleka kwenye migomba kwa ndoo, tukibadilisha mashina kila siku ili chumvi ya sabuni isijilimbikize mahali pamoja, na hatuyamwagii mboga za majani kama dodo (mchicha) na sukuma wiki. Kuzunguka migomba tumetandaza majani makavu na nyasi, lakini tunaacha nafasi karibu na shina, kwa sababu matandazo yakigusa shina fukusi wa migomba hupata makao. Katika kiangazi kilichopita mashina yaliyopata maji ya kufulia na matandazo yalibeba mikungu midogo, ilhali yale ya mpakani, yasiyofikiwa na ndoo, hayakubeba kitu.

Ninatenga tangi kwa ajili ya nyumba peke yake kutokana na hesabu ambayo kila mnunuzi angefaa kuifanya kabla ya kulipa. Tuko watu 6. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya misaada wakati wa dharura ni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, yaani lita 90 kwa nyumba yetu, na kwa kiwango hicho lita 5,000 zingekwisha kwa siku 55, wakati Juni hadi Agosti ni siku 92. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba maji ya tangi ni ya kunywa, kupika na kuosha vyombo, jerikeni 2 kwa siku, na maji ya kufulia na kuogea tunayateka kwenye kisima cha pampu ya mkono, ambako foleni bado ni ndefu lakini safari zetu zimepungua kutoka 5 hadi 2 au 3. Binti zangu sasa hufika shuleni kabla ya kengele. Kwangu mimi hiyo ndiyo faida ambayo siwezi kuiandikia bei.

Jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Kivu ambaye bustani yake inapakana na yangu, alinunua seti ya matone baada ya kuiona kwetu, lakini hakununua tangi, kwa kuwa nyumba yake ni ya nyasi. Nadhani alifanya uamuzi wa busara. Anapanga kuezeka mabati jikoni kwanza.

Kwa kuwa tangi jeusi halioneshi maji yaliyobaki, kila Jumatatu ninapima kwa ufito mkavu ninaouingiza kupitia mdomo wa juu. Tangi langu lina upana wa mita 1.8, hivyo kila sentimita ni takriban lita 25, na sentimita 10 za chini sizihesabu kwa sababu ziko chini ya koki na zina mashapo. Jumatatu iliyopita, mwishoni mwa Julai, ufito ulilowa hadi sentimita 62. Hizo ni lita 1,300 za kutumia, yaani siku 32 kwa jerikeni 2, na jana jioni tulikaa na watoto tukakubaliana kwamba kuanzia sasa vyombo vitaoshwa kwa maji ya kisimani.