Modemu za mtumba kwa Linux: ipi ununue kama unataka namba ya mpigaji na aina ya mlio

Modemu ni kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu ya mezani, na hapa tunaitaka itueleze nani anapiga. Kwa kazi hii usihangaike na kasi. Iwe kilobiti 33.6 au 56 kwa sekunde, haikusaidii kujua nani anapiga. Tafuta modemu inayojitegemea, inayopokea amri za AT (maagizo mafupi ya maandishi yanayoanza na AT) moja kwa moja bila kudai draiva.

Namba moja ni modemu ya nje, ya poti ya serial, yenye chipu ya Rockwell, baadaye Conexant. Usibabaishwe na jina la kampuni lililobandikwa juu. Kwa nyingi, amri ya AT-SDR=7 huifanya itenganishe aina tatu za milio na kutoa RING 1, RING 2 au RING 3. Marekani hili lina kazi, maana laini moja huweza kupewa namba zaidi ya moja, kila namba na mlio wake: huu wa nyumbani, ule wa faksi.

ZyXEL U-1496 ya miaka ya 1990 ina uwezo mkubwa, hata sauti inarekodi, na vgetty, programu ya Linux ya kupokea simu za sauti kupitia modemu, inaifahamu vizuri. Naishusha hadi ya pili kwa sababu mipangilio yake imefichwa kwenye bit za rejista (sehemu za kumbukumbu ya modemu) kama S40. Bila kitabu chake utataabika.

USR5637 ya USB ni ya tatu, ingawa kwa mwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bei nafuu) anayetaka namba ya mpigaji tu ningeipandisha hadi kileleni. Ichomeke, itokee kwenye Linux kama /dev/ttyACM0, andika AT+VCID=1 kuwasha namba ya mpigaji, basi.

Kadi za PCI za winmodem (modemu zinazoiachia programu ya kompyuta, kwa kawaida ya Windows, sehemu ya kazi yao) waachie wenyewe, hata ukipewa bure.

Sasa mtego wenyewe: nchi. Marekani namba hutumwa kwa Bell 202, mfumo wa kutuma data kwa sauti, kati ya mlio wa kwanza na wa pili. BT, kampuni ya simu ya Uingereza, hugeuza kwanza polariti ya laini, kisha hutuma namba kwa V.23, mfumo mwingine wa aina hiyo, kabla simu haijalia. Sweden na Uholanzi zilitumia toni za DTMF, zile zinazosikika ukibonyeza vitufe vya simu. Modemu ya Marekani inaweza kukaa kimya kabisa huko, na muuzaji akaapa kuwa ni nzima. Mwombe akutumie majibu ya AT+VCID=? (namba ya mpigaji), AT+GCI=? (nchi) na AT+FCLASS=? (aina za kazi); kwenye hilo la mwisho, 8 maana yake inashughulikia sauti.

Huna simu ya mezani? Nunua adapta ya simu za intaneti inayokuruhusu kuchagua mfumo wa kutuma namba, Bellcore (wa Marekani), ETSI (wa Ulaya) au DTMF, kisha uchague ule ambao modemu uliyopata inauelewa.