MikroTik hAP ax²: ruta inayotuliza pingi katika nyumba yenye watu wengi

Familia nyingi hapa Mombasa hununua kifurushi cha intaneti ya faiba kwa kutazama kipimo kimoja tu, yaani megabiti kwa sekunde, na gemu inapoanza kukwama jioni, wazo la kwanza linalowajia watu ni kuhamia kifurushi cha bei ya juu zaidi. Kwa mcheza gemu, mara nyingi hiyo ni pesa iliyopotea. Mechi ya EA Sports FC au raundi ya Fortnite kwa kawaida hutumia chini ya megabiti 1 kwa sekunde. Kinachohitajika ni kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, ifike kwa wakati wake, bila kuchelewa leo na kuwahi kesho. Kwa miezi kadhaa nimeitumia ruta ya MikroTik hAP ax² nyumbani, kwenye laini ya megabiti 20 inayotegemewa na familia nzima, na ninaamini kwamba mtu aliye katika hali kama yetu atapata faida kubwa zaidi kwa kubadilisha ruta kuliko kwa kuongeza kasi.

Kwanza ni haki kueleza jambo ambalo ruta hii, au nyingine yoyote, haiwezi kulifanya, nalo ni kuufupisha umbali. Seva nyingi tunazozifikia kutoka pwani ya Kenya ziko Ghuba, Ulaya au Afrika Kusini. Counter-Strike 2, kwa mfano, ina seva Dubai na Johannesburg. Kebo ya TEAMS ya chini ya bahari, iliyoanza kazi mwaka 2009 kutoka Mombasa hadi Fujairah katika Falme za Kiarabu, ina urefu wa takriban kilomita 5,000. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo pakiti inayokwenda na kurudi kwa njia hiyo haiwezi kutumia chini ya milisekunde 50, hata kama hakuna mtu mwingine duniani anayeitumia kebo hiyo. Muda huo wa kwenda na kurudi ndio huitwa pingi, na muuzaji anayekuahidi pingi ya milisekunde 20 hadi Dubai anakuuzia kitu ambacho hana. Vivyo hivyo, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, hapakuwa na mpangilio wowote wa nyumbani ambao ungeweza kusaidia.

Kilicho ndani ya uwezo wetu ni foleni inayojengeka kabla pakiti haijatoka nyumbani. Kisanduku cha kawaida cha faiba kina bafa, yaani kumbukumbu inayohifadhi pakiti zinazosubiri zamu, na mara nyingi bafa hiyo ni kubwa kupita kiasi. Hebu tuchukue bafa ya megabaiti 1 tu. Hizo ni megabiti 8, na kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde zinahitaji milisekunde 400 kumalizika. Pakiti ya gemu inayowasili nyuma ya foleni hiyo husubiri karibu nusu sekunde, na katika muda huo mpira umeshaingia wavuni.

Njia nyepesi ya kulithibitisha hili ni kufungua dirisha la pingi kwenye kompyuta, kuielekeza kwenye anwani iliyo nje ya nyumba, kisha kumwomba mtu apakie faili kubwa. Mpwa wangu alipoanza kupakia video ya harusi kutoka kwenye simu yake, namba zilizokuwa zikipita kwenye kioo kwa utulivu, zikitofautiana kwa milisekunde moja au mbili, ziliruka ghafla hadi mamia na kubaki huko mpaka video ilipokwisha. Hakuna aliyekuwa akipakua chochote wakati huo, na kipimo cha kasi cha laini hakikuwa na kasoro. Watu wengi hawashuku upande wa kupakia, ilhali siku hizi kila simu hupeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku kucha, na kamera za ulinzi hazipumziki.

Hapo ndipo hAP ax² inapostahili sifa. MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanzishwa mwaka 1996, huweka mfumo uleule wa RouterOS katika ruta za nyumbani na katika mitambo inayotumiwa na watoa huduma wenyewe, na toleo la 7 la mfumo huo lina CAKE, utaratibu wa kusimamia foleni ulioingizwa katika Linux mwaka 2018. CAKE haiangalii foleni ina urefu gani, bali pakiti imekaa humo kwa muda gani. Muda huo ukizidi takriban milisekunde 5 kwa kipindi, huanza kutupa au kutia alama baadhi ya pakiti ili anayepakia kwa pupa apunguze mwendo. Aidha, inaweza kupangwa igawe laini kwa kila kifaa, na mpangilio huu ndio nilioupenda zaidi, kwa sababu simu yenye programu ishirini zinazopakua kwa pamoja haipati haki kubwa kuliko PlayStation yenye mchezo mmoja. Baada ya kuuwasha, video za mpwa wangu huongeza pingi kwa milisekunde chache tu, na yeye mwenyewe haoni tofauti katika muda wa kupakia.

Ubora huo haujileti wenyewe, na ningependa mnunuzi alijue hilo mapema. Ukiichomeka tu, ruta hii itakupa intaneti, lakini CAKE haitakuwa inafanya kazi. Inabidi ufungue programu ya WinBox, au kivinjari kwenye anwani 192.168.88.1, uunde foleni ya mtandao wako wa ndani, uchague CAKE kwa pande zote mbili, kupakia na kupakua, kisha uweke kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini. Kwenye laini ya megabiti 20, niliweka 18. Kikomo hicho ni cha lazima, kwani bila hicho foleni itaendelea kujengeka kwenye kisanduku cha mtoa huduma, mahali ambapo CAKE haina mamlaka. Pima kasi jioni, si alfajiri, kwa kuwa kinachokuhusu ni kile unachokipata saa za msongamano. Vilevile zima kanuni ya FastTrack, ambayo huzipitisha pakiti kando ya foleni ili kumpunguzia prosesa kazi. Usipoizima, foleni uliyoiunda haitagusa karibu chochote. Kurasa za RouterOS zimejaa vitufe visivyomhusu mtu wa kawaida, na asiye na subira ya kusoma maelezo ni afadhali amwite fundi wa mitandao.

Waifai yake ni nzuri, ingawa si ya kushangaza. Ni ya kizazi cha 6, yenye bendi za gigahezi 2.4 na 5, lakini katika nyumba zetu zenye kuta nene za mawe ya matumbawe bendi ya 5 hudhoofika baada ya ukuta wa pili, na foleni iliyopangwa vizuri haitibu mawimbi dhaifu. Ruta ina matundu matano ya kebo ya gigabiti. Tandika kebo ya Cat 5e hadi kwenye mashine ya kuchezea, nayo haitakusumbua tena.

Jambo moja dogo limenifurahisha kuliko nilivyotarajia: ruta hupokea umeme wa volti 12 hadi 28. Visanduku vingi vya faiba pia hutumia volti 12, hivyo betri moja ndogo ya akiba inaweza kuviendesha vyote viwili stima ikipotea katikati ya mechi.

Bei iliyopendekezwa na kiwanda ni karibu dola 100 za Marekani, kabla ya usafirishaji na ushuru. Kabla ya kutoa pesa hizo, mpigie simu mtoa huduma wako umwulize maswali mawili: je, kisanduku chake kinaweza kuwekwa katika hali ya daraja ili ruta yako ndiyo iongoze mtandao, na je, nyumba yako inapewa anwani yake ya umma kwenye intaneti au inagawana moja na wateja wengine? Ikiwa anwani ni yako, washa UPnP, huduma inayoiruhusu mashine ya gemu kujifungulia njia kwenye ruta na ambayo huja ikiwa imezimwa, na PlayStation haitalalamika tena kuhusu NAT Aina ya 3, yaani hali inayoizuia kuunganishwa moja kwa moja na wachezaji wengine. Ikiwa mnagawana, lalamiko hilo litabaki hata baada ya kununua ruta, na itabidi uombe anwani ya peke yako, ambayo baadhi ya watoa huduma huitoa kwa ada ya ziada kila mwezi.