Kamera nzuri, mkataba wa ukurasa mmoja

Nafundisha mazoezi, na wateja wangu wanaosafiri walichoka kuniomba ratiba kwa ujumbe wa simu. Nikaikodi kampuni ndogo ya video inirekodie vipindi 6 vya dakika 20. Jina lao nalihifadhi.

Kwenye picha sina ugomvi nao hata kidogo. Kamera ya pili waliiweka chini, usawa wa goti, kwa hiyo kwenye skwati mteja anaona kabisa kisigino kinaponyanyuka. Maikrofoni waliibandika kifuani kwa plasta isije ikakwaruza fulana ninaporuka. Sauti imetoka safi, mpaka kuhema kwangu kunasikika (hilo ningelipunguza).

Kasheshe ilikuja kwenye muziki. Mhariri alichomeka nyimbo mbili zinazovuma, akanituliza kwamba huzilipia kila mwezi. Sasa, malipo yale ni ya kusikiliza tu! Ukiubandika wimbo kwenye video unayouza, unahitaji ruhusa ya mwenye utunzi na ya mwenye rekodi, wote wawili. Peloton, kampuni ya Marekani ya baiskeli za mazoezi na madarasa ya video, walishtakiwa na wachapishaji wa muziki mwaka 2019 kwa jambo la namna hiyo, wakapatana 2020. Wale wana jeshi la mawakili; mimi nina mikeka. Nilipong'ang'ana wakaweka muziki wa maktaba, yaani uliotengenezwa maalumu kukodishwa kwa video, wenye leseni ya biashara, bila kuniongezea gharama. Hapo nawapa maua yao.

Mkataba wao ulikuwa kimya kuhusu video ni mali ya nani. Nchi kama Marekani na Uingereza, kulipa ankara peke yake hakukupi hakimiliki ya kazi ya mtu wa kukodi. Lazima aikabidhi kwa maandishi. Sikulijua hilo mpaka nilipokuta kipande changu kwenye tangazo lao, na mstari wa nyuma yuko mteja wangu, fulana imempanda tumboni. Alinipigia simu alfajiri. Hakuwa amesaini fomu yoyote ya ridhaa, na kweli fomu ilikuwa juu yangu kuidai kabla kamera haijawashwa. Tangazo waliliondoa siku hiyohiyo, ila kuomba radhi niliachiwa mimi.

Mwenzangu alihofia nitaibiwa mpangilio wa mazoezi. Huo hauna ulinzi mkubwa: mwaka 2015 mahakama ya rufaa Marekani ilikataa kuupa hakimiliki mfululizo wa mikao 26 ya yoga ya Bikram, ile inayofanywa kwenye chumba chenye joto kali. Kinacholindwa ni video yenyewe.

Onyo la kiafya waliliwekea sekunde tatu tu, kwa maandishi ya kijivu. Nimelisoma upya kwa sauti yangu mwanzoni mwa kila kipindi. Bima nayo nimeiongeza, maana ya zamani ilitaja darasa la ana kwa ana tu.

Nyota tatu kati ya tano. Mafaili ghafi (video kabla ya kuhaririwa) waliyoniahidi bado nayasubiri.